Dawati Nililoliruka

Jumatatu, 3 Machi
Vidonge vinne. Uji nusu kikombe. Miguu imevimba tena. Kendi, mke wa mwanangu, amenikanda kwa maji ya chumvi kama kawaida. Halafu akasema Akai amepiga simu. Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa anafundisha fasihi huko Gotu. Amesikia naumwa, atakuja Jumamosi.
Uji uliobaki nikauacha.

Jumanne, 4 Machi
Niandike mkono ukiwa bado unashika kalamu.
Kidato cha pili. Tulikuwa tukisoma riwaya kwa sauti, dawati kwa dawati, kila mmoja aya moja. Kanuni yangu: soma kama ilivyoandikwa. Aya moja ilikuwa na tusi kwa Waturkana. Liliwaita "wala punda", yaani watu wanaokula punda. Akai alikuwa Mturkana pekee darasani. Alisoma. Darasa zima likalia kama punda. Nilisema, "Kimya, hiyo ni fasihi." Basi.
Mlio ule ulimfuata muhula mzima, uwanjani, kwenye foleni ya chakula. Akahama shule.

Alhamisi, 6 Machi
Jana sikuandika. Pumzi fupi. Naogopa kufa kabla ya Jumamosi. Naogopa zaidi kuifikia.
Miaka yote nimesema ilikuwa zamu ya Akai. Nilimwambia hivyo hata mama yake, aliyekuja kwa miguu kutoka kwao Chechelesi kuniuliza. Uongo. Zamu ilikuwa ya kijana wa dawati la mbele yake, Mmeru kama mimi. Nilimruka. Nilijua tusi linakuja. Nilifikiri: akilisoma mtu wa kwao, hakuna atakayelalamika.
Woga wangu, nikambebesha mtoto.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari anataka nilazwe. Nimekataa. Kendi amenuna. Kesho kwanza.

Jumamosi, 8 Machi
Nimevaa tai. Kendi: "Baba, huyu ni mgeni au tunaenda kuposa?"
Akai ana mvi. Nilisema yote kwa mkupuo, chai yake haijaguswa.
Akai akasema: "Mwalimu, nilijua. Kila mtu huhesabu madawati apate aya yake mapema. Yangu ilikuwa inayofuata. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi mara tatu."
Nikaomba msamaha.
"Hilo sijui bado. Nilimwambia Mama siku ile ile kwamba uliruka dawati. Akaja kwako, akakuamini wewe. Akarudi akanichapa kwa kumsingizia mwalimu. Bado yuko hai. Mwambie yeye."
Akaniandikia namba. Akaondoka bila kunywa chai.

Jumapili, 9 Machi
Kendi hakwenda kanisani. Alinishikia simu.
Mama yake Akai amezeeka, hasikii vizuri. Nikaeleza. "Rudia, mwalimu." Nikarudia kwa sauti kubwa, dawati, aya, tusi, uongo. Kendi alisikia kila neno. Hakuniangalia.
 Upande wa pili kuku walikuwa wanalia.
"Akai yuko hapo?"
"Hapana, mama."
"Basi kata simu. Nataka kumpigia mtoto wangu."
Nikakata.