Mama Mdogo ni Ule wa Simu

Dagoretti Corner,
Nairobi.
Jumapili, 11 Mei 2025.

Mpendwa Dada Mercyline,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani huko Doha? Mgongo wako je, umetulia, au bado unakusumbua kwa kuinamia mashuka ya hoteli kutwa? Usiache kujikanda kwa maji ya moto. Sisi huku hatujambo. Mvua inanyesha kila alasiri, na mume wangu Oyoo alikohoa wiki nzima, lakini sasa amerudi kazini Hurlingham. Awuor wako ni mzima. Anakula vizuri, na anaongea tangu anapofumbua macho hadi usingizi unapomkata katikati ya neno.

Nimeamua kukuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako ya kwanza ilipoharibika ulipoteza kila nilichokuwa nimekutumia. Tena kwenye simu mtoto yuko magotini pangu akisikiliza, na kuna jambo ambalo sikutaka alisikie. Kavata, binti wa jirani yetu, anasafiri kuja huko Alhamisi. Atakukabidhi barua hii mkononi.

Unaijua tabia yangu ya kuandika shajara. Tangu Awuor alipoanza kuunga sentensi, kila akisema neno la kunichekesha ninaliandika na tarehe yake. Nakunakilia machache, jinsi alivyoyasema mwenyewe.

Jumanne, 14 Januari. Tulikuwa kliniki, benchi limejaa. Muuguzi alimwinamia akamuuliza, "Unaitwa nani, mrembo?" Akajibu, "Sijaitwa bado. Tumekaa tu." Benchi zima lilicheka, na mzee mmoja akasema, "Hata mimi, mjukuu wangu, tangu asubuhi."

Jumatatu, 3 Februari. Alifungua friji akamwona kuku. "Mama, huyu analala uchi na baridi yote hii?" Nilipogeuka, alikuwa ameshamfunika kwa kipande cha kitenge cha mteja. Kitenge hicho nimekifua mara tatu.

Jumamosi, 22 Machi. Ravneet, mteja wangu wa Kitisuru, alileta nguo ya harusi ya binamu yake. Akasema, "Fundi, nipunguze hapa kiunoni." Sauti ikatoka chini ya meza: "Ni nguo ndio inapunguzwa, auntie. Wewe utabaki tu hivyo." Niliona aibu, lakini Ravneet alicheka mpaka akatafuta kiti. Siku hizi akifika mlangoni huanza na, "Fundi mkubwa yuko wapi?" na si mimi ninayeulizwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, Dada.

Krismasi tulipokuwa nyumbani Ugenya, Mama yetu alimsikia Awuor akiniita Mama. Akamketisha karibu naye, akamwambia, "Huyu Rael ni mama yako mdogo. Mama yako ni Mercyline, yule anayekupigia simu." Alifanya vyema, ndivyo tulivyolelewa. Awuor akanitazama kutoka juu hadi chini, nawe unajua nilivyonenepa, kisha akasema, "Huyu si mdogo. Mama mdogo ni ule wa simu." Akaonyesha kwa vidole viwili jinsi ulivyo kwenye ile picha yako inayotokea simuni ukipiga: kama kifungo cha koti. Watu walicheka mpaka Mama akasahau alichokuwa akifundisha. Mimi pia nilicheka. Ukurasa wangu wa siku hiyo, 27 Desemba, una kichekesho chote, na chini yake nimeandika: Sikumsahihisha.

Tangu hapo jina hilo limekuwa lako. Ijumaa ya 11 Aprili ulipopiga, Awuor alinyakua simu akasema, "Hallo, mama mdogo!" Ukadhani ananiita mimi. Ukasema, "Rael, uko hapo? Mtoto anakuita." Nami nikajibu, "Niko."

Hakuwa akiniita mimi, Dada. Alikuwa akikusalimu wewe. Nilijua, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba sitaki kukuumiza ukiwa peke yako ugenini, lakini nikisoma nilichoandika naona sababu nyingine. Unajua miaka ambayo mimi na Oyoo tumengoja. Kuitwa Mama kulinikolea. Nisamehe.

Wiki mbili baadaye ukaniuliza kama utie sahihi mkataba mwingine wa miaka miwili, ili umalizie nyumba ya Mama. Ukasema utafuata neno langu kwa kuwa mimi ndiye ninayekaa na mtoto. Hukupata jibu. Sikuweza kukushauri kabla ya kurekebisha nilichokuwa nimekiacha kiharibike.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilitoa daftari langu la vipimo. Ukurasa wako bado upo, tangu nilipokushonea gauni la safari. Urefu: futi tano, inchi tisa. Nikavuta tepu kwenye mlango wa duka, nikapanda kigoda, nikachora mstari kwa chaki ya nguo.

"Hiyo ni ya nani?" Awuor akauliza.

"Ya mama yako, yule wa simu. Urefu wake ndio huu. Mimi ni mdogo wake." Nikasimama chini ya mstari aone. Kichwa changu hakikuufikia.

Alinyamaza, jambo ambalo halimo popote katika shajara yangu. Akatazama mstari, akatazama simu iliyokuwa juu ya cherehani, akarudi kwenye mstari.

"Sasa nani alimkunja?"

Mtoto wa fundi huyo. Kila kitu kirefu anachokijua hukunjwa ndipo kiingie mahali padogo. Nikamweleza kuwa hakuna aliyekukunja, uko mbali tu, na mtu wa mbali huonekana mdogo. Hakukubali. Akanivuta sketi akasema, "Mkunjue, Mama. Ndio maana mgongo inamuuma."

Ilinibidi nitoke nje kidogo. Kumbe kila unapolalamika mgongo, huwa anasikia.

Basi jibu langu ni hili: usitie sahihi. Mama alisema mwenyewe kwamba amelala miaka mingi bila dari na hakuna nyota iliyomwangukia. Mkataba ukiisha Agosti, rudi. Siandiki haya kwa wepesi. Najua nyumba yetu itakavyokuwa kimya siku utakapomchukua, na Oyoo anajua pia, ingawa hasemi. Lakini leo mtoto bado anauliza. Baada ya miaka miwili anaweza kuwa ameacha kuuliza.

Ukifika, huenda akajificha nyuma ya cherehani siku mbili tatu. Usivunjike moyo, wala usimkimbilie kwa zawadi. Simama tu mlangoni, wima, kichwa kiguse mstari. Mengine atayamaliza mwenyewe.

Chaki hufutika, Dada. Nguo ninazotundika mlangoni huusugua mstari huo, na kila asubuhi nikifungua duka nauchora upya. Awuor hunishikia kigoda na kuniuliza kama umeshakunjuliwa.

Mama anakusalimu, na anasema usipite njiani bila kula. Oyoo anakusalimu pia. Awuor amebusu karatasi hii hapa pembeni. Hilo doa ni uji. Mungu akulinde katika kazi ya mikono yako na akurudishe ukiwa na afya.

Wako akupendaye siku zote,

Rael,
mama mdogo wa Awuor.