Aliyemlaza Kefa

Iguguno, 11 Februari 1945

Amri, rafiki wa mwanangu,

Hujambo? Bomani wameniambia umelazwa hospitalini India; mguu unaendeleaje? Sisi wazima, ng'ombe nao wazima, ila mvua ni haba. Dina, binti yangu, anaandika, mimi nasema.

Barua ya bomani ilifika kabla ya Krismasi. Mistari mitatu: Kefa, askari wa jeshi la Keya, amefia vitani Bama, ng'ambo ya India. Basi! Hata kuku akipotea hapa watu huulizana zaidi ya hapo. Shemeji yangu Simeoni ananihimiza ninyolewe nywele za msiba, yaishe. Nimekataa. Katika ukoo wetu mama hanyolewi mpaka aliyemlaza mwanawe kaburini amweleze alivyomlaza. Kefa aliniandikia kwamba mnalala hema moja. Ulikuwepo? Niambie.

Mama wa Kefa, Raheli

India, 20 Aprili 1945

Mama, shikamoo. Poleni sana. Mimi natembea kwa fimbo, namshukuru Mungu.

Kefa alituchekesha wote. Wali wa jeshi alisema ni chakula cha wagonjwa, akililia ugali wa mtama na mlenda wako. Habari za kaburi tutazungumza nikirudi.

Mwanao, Amri

Iguguno, 9 Juni 1945

Amri,

Marahaba. Pole na mguu. Sisi tupo.

Sikukuuliza mlenda. Ingawa hapo penye mlenda nimemwamuru Dina asome mara nne. Nina hamu naye, Amri! Mbwa akibweka jioni nasimama mlangoni. Kichwa changu kimekuwa kichaka, kanisani wananitazama. Unanificha nini?

Mama wa Kefa

India, 2 Septemba 1945

Mama, shikamoo. Vita vimekwisha, nami sijambo, ila moyo mzito.

Nilimzika mimi. Mvua haikukatika, padri alikuwa mbali nyuma, nasi tumeamriwa kuondoka upesi. Nilitaka kumsomea sala za kwenu, sikuzijua hata moja. Nikamwosha uso kwa maji ya chupa yangu, nikamfunga blanketi lake, nikamlaza kwa ubavu wa kulia, uso kibla, nikamsomea Fatiha. Ndivyo tunavyozikana nyumbani kwetu mjini Singida. Mtoto wako Mkristo nimemzika Kiislamu. Niliogopa kukuambia. Nisamehe, mama.

Amri

Iguguno, 6 Januari 1946

Mwanangu Amri,

Habari za siku nyingi? Huku mvua zimenyesha, tunapalilia.

Nilikasirika, nisikudanganye. Dina aliposoma niliinuka nikaenda shambani, na tangu hapo barua yako sikutaka hata kuiona. Simeoni akasema mtoto amezikwa ovyo. Nikajiambia, hebu nijue alivyolala kweli. Nikamwendea Mwalimu Yohana wa shule ya misheni: mtu akiwa Bama, kibla iko wapi? Akatandaza ramani, akaweka kidole: magharibi. Na Iguguno je? Akakiteremsha kidole kidogo tu. Huko huko magharibi, ng'ambo ya bahari.

Kumbe anatazama huku kwetu!

Jana nimenyolewa. Nililia mpaka sauti ikanikauka, na hamu haijaisha, wala sidhani itaisha. Lakini sasa najua alivyolala. Wakikuruhusu jeshini, umsalimu mama yako mjini, kisha usikae, njoo Iguguno. Nataka kuishika hiyo mikono iliyomwosha uso.

Mama yako,
Raheli