Nyumba ya Magurudumu Ilivyotaka Kunipeleka Baharini

Salima mwanangu,

Mume gani huyu uliyenipa niende naye matembezi? Jana hapa Msimbati aliifungua kutoka kwenye gari linaloivuta ile nyumba yake ya magurudumu, eti aisawazishe, mteremkoni, na magurudumu hajayawekea hata jiwe. Mimi nimo ndani nakula pweza. Sahani ikateleza, kisha nyumba nzima ikashika njia ya baharini. Mkwe wangu, kwa heshima zake, anaifuata mbio huku anagonga mlango: “Hodi, mama?”

“Hodi gani! Nyumba inaondoka!”

Kisiki cha mkorosho ndicho kilichotuzuia. Mimi mzima, na pweza nilimmaliza. Wajukuu zangu nawapenda, waambie.

Ila mama mkwe hamkaripii mkwewe, na nikikupigia simu atanisikia. Mkaripie wewe: mawe kwanza, kusawazisha baadaye. Mpigie ukishasoma ujumbe huu, kabla hajaigusa tena nyumba yake.