Mkoba Uliosukwa na Tima

Jumamosi, 3 Februari
Miyaa, majani yetu ya kusukia, imelowana kupita kiasi. Kosa langu, niliisahau kwenye beseni. Ukili tunaosuka leo utakuwa legelege na Bi Mwanamkuu atauona hata akifumba macho. Tuko uani kwake tangu asubuhi, wanawake kumi na mmoja, sote tumekimbia kutoka visiwani. Mimi nikianza ukili, Mwanaiki anaupokea nikienda kutazama chungu, mwingine anaumalizia. Ndivyo tulivyosuka kisiwani kwetu Chovae, ndivyo tunavyosuka hapa Kismayu.

Zena kafika kutoka Mombasa. Yeye ndiye anayetupelekea mikoba kwa kampuni ya mitindo ya Ulaya. Safari hii hakuja na oda. Kaja na karatasi.

Jumapili, 4 Februari
Nimeelewa sasa. Kumbe kuna watu kazi yao ni kuzipima kampuni za mavazi. Wanalipa vipi, wanachafua maji kiasi gani, wanawajua wanaowafanyia kazi? Kisha wanatoa alama, na mnunuzi anazitazama kwenye simu kabla ya kununua. Sikutegemea kulipenda jambo hili. Nimelipenda. Umri wangu wote hakuna aliyewahi kuuliza kama nimelipwa kwa haki.

Anayejua kusoma na kuandika ni mimi, basi nikasoma maswali ya karatasi ya Zena. Maji ya rangi mnayamwaga wapi? Bi Mwanamkuu akashangaa. Maji ya kununua kwa mkokoteni wa punda, nani anayamwaga? Tunachovya mpaka rangi iishe. Je, mfanyakazi yuko huru kuondoka atakapo? Hapo ua mzima ulicheka mpaka Zena akaona haya. Kuondoka ndiyo kazi tuliyoizoea kuliko zote.

Jumanne, 6 Februari
Ukurasa wa mwisho. Wanataka jina la aliyesuka kila mkoba na kisiwa alichotoka. Yatachapwa kwenye kikaratasi cha kuning'inia mkobani, tena yatawekwa mtandaoni, asome atakaye. Kampuni imepata alama mbaya kwa sababu haijulikani nani anaifanyia kazi. Zisipopanda, oda zitakoma. Zena kalisema kwa upole, lakini kalisema.

Mwanaiki kauliza mkoba ni wa nani, ikiwa ukili umepita mikono mitatu. Karatasi haina nafasi ya majina matatu.

Mimi nina swali jingine, nikalimeza. Mama yuko Chovae. Alikataa kuondoka. Ng'ambo ya kisiwa, barani, wapo wale wenye bunduki, na huvuka wapendapo. Mwaka jana walimchapa bakora jirani yake kwa sababu mwanawe anafanya kazi na wageni. Nao wana simu kama huyo mnunuzi. Chovae hakuna Barke wawili. Jina langu likisomwa, mlango wa mama unajulikana.

Alhamisi, 8 Februari
Nimesema. Nilidhani nitaonekana mwoga. Kumbe kila mmoja ana mtu wake aliyebaki.

Zena kawapigia simu watu wa kampuni. Wamejibu kwamba wanatuonea huruma, ila majina yawe ya watu wa kweli. Uongo ndio wanaoukimbia. Siwalaumu. Lakini bila mikoba hii nyumba kumi na moja hazipiki. Sikula mchana. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Ijumaa, 9 Februari
Baada ya sala Bi Mwanamkuu kaniita. Kanipa kalamu yangu mwenyewe.

"Wamtaka mchu wa kweli? Andika Mwanakombo, binti yangu. Alisuka tangu utotoni, risasi ikamkuta nyumbani kwake. Ni mchu wa kweli. Sasa nani atamchapa bakora?"

Wakaanza kutaja wafu wao, mmoja mmoja. Dada. Shangazi. Mama mzazi, aliyezikwa kisiwani Ngumi. Nikaandika kumi.

Zamu yangu ikafika. Tima, mdogo wangu. Siku tuliyokimbia boti ilijaa kupita kiasi, ikapinduka. Mimi nilishika ubao. Yeye hatukumpata. Kusuka alinishinda, na huu mtindo tunaowauzia, wa mistari myekundu inayokatana, ulikuwa wake. Mama akiulizwa, atasema mwanawe yuko baharini, na kisiwa kizima kitashuhudia.

Nimeandika: Tima, Chovae.

Zena kayasoma yote polepole. Kauliza, "Hawa ndio nyinyi?" Bi Mwanamkuu akajibu, "Ni wetu." Zena akakunja karatasi.

Jumatano, 18 Aprili
Alama zimepanda. Kampuni imesifiwa kwa uwazi. Oda mpya imekuja, na Bi Mwanamkuu kapika wali wa nazi.

Nilifurahi mpaka nikashiba. Halafu furaha ikanitoka. Wamepima maji, wamepima rangi na ujira, na hakuna aliyeuliza kwa nini watu wa visiwani wanasuka ugenini. Na mimi je? Kuna mwanamke mahali fulani atasoma jina lile kwa moyo safi, aamini kuwa aliyemsukia yu hai. Nimemdanganya. Ningeulizwa tena leo, ningefanya vilevile.

Jumatatu, 7 Mei
Vikaratasi vimefika, vina uzi tayari. Tumevifunga asubuhi nzima. Bi Mwanamkuu alivifunga vya Mwanakombo mwenyewe, hakutaka kusaidiwa.

Vyangu vimeandikwa kwa wino mweusi, herufi safi: Umesukwa na Tima, Chovae.

Tima hakwenda shule. Hakuwa na kitambulisho, na kaburi hana. Leo ndiyo mara ya kwanza naliona jina lake limechapwa.

Kimoja nimekibakisha, nimekiweka ndani ya sanduku langu chini ya leso. Mama hajui kusoma. Siku tutakayoonana nitamshika kidole, nikipitishe juu ya herufi moja moja.

Miyaa ya leo imelowana vizuri.