Mkwe Wangu Yuko Ukumbini, Mimi Niko Depo

Mpendwa mshauri Mama Odile, naomba msaada wako, na unisamehe mwandiko, kwa sababu nakuandikia nikiwa ndani ya depo, stoo ya vinywaji ya baa ninapofanya kazi, nimekalia kreti la chupa tupu, karatasi iko juu ya goti, na upande wa pili wa ukuta mkwe wangu anatazama mpira na wenzake, na siwezi kutoka mpaka aondoke.

Baa yetu inaitwa Penalti, iko hapa Kolwezi kwenye barabara ya kwenda migodini, huenda umeipita. Ni baa ya mpira, skrini kila ukuta, hata jikoni tuna moja ndogo ili mpishi asiende kuchungulia nje akaunguza kuku. Nilianza kuhudumia pale baada ya mume wangu, baba Falonne, kufariki, nikidhani nitakaa miezi michache tu, na hadi leo niko pale pale. Mama Odile, watu wanafikiri kazi ya baa ni kubeba chupa. Siku ya mechi kubwa wanaingia wote kwa pamoja, wale wa mgodi wa Mashamba na vumbi lao bado kwenye viatu, wale wa ofisini, wale wa fulana za timu na filimbi, na kila mmoja anataka kiti kinachotazama skrini, na mimi napita katikati yao na plato, sinia langu la sahani, nimeinama, kwa sababu ukisimama mbele ya skrini wakati wa kona wanakutukana mpaka mama yako aliyelala kaburini. Mpira ukichezwa hakuna anayekuona, halafu mapumziko yanafika na wote wanakuita mara moja, nyama ya michopo, ugali wa bukari, bia ya Simba baridi, pilipili, mama ile kuku iko wapi, na ukiileta hiyo kuku mpira umeshaanza na mwenyewe hakumbuki kama aliagiza. Goli likiingia wanaruka na meza zinaruka nao, na anayefuta ni mimi. Timu ikishindwa, kosa ni la bia kuwa ya moto. Nikifika nyumbani masikio bado yanapiga kelele na miguu siisikii, naiweka kwenye beseni la maji ya chumvi na usingizi unanichukua nimekaa. Nimechoka, mama, nimechoka kwa miaka, na najua si hilo nililokuja kukuuliza.

Ninalouliza ni hili. Kati ya wateja wangu kulikuwa na kijana anaitwa Kazadi, fundi wa umeme kwenye mgodi mmoja, siku zote anakaa meza iliyo chini ya skrini kubwa, upande wangu. Alikuwa na adabu kuliko wote. Akiniona nakuja alikuwa anavuta kiti chake na kuwaambia wenzake wavute vyao, mama apite, na mechi ikiisha alikuwa anazipanga sahani zao mwenyewe kabla sijafika. Nilikuwa namtania kuhusu timu yake, ananitania kuhusu bia yangu, wala sikujua anakaa mtaa gani. Halafu binti yangu Falonne akaniambia amepata mchumba kwenye kwaya ya parokia, familia ikaja kujitambulisha, mimi nikatoka chumbani na kitenge changu kipya kuwasalimia wageni, na nani ameketi katikati ya wazee wake, amevaa suti, ni Kazadi wa meza ya chini ya skrini. Aliinamisha kichwa, na mimi nikainamisha. Tangu siku ile hatujasemezana tena, maana sisi ni watu wa Kasai, na hata kama tumezaliwa hapa hapa Kolwezi, bukwe tunaujua, mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, hawataniani, wakikutana mahali mmoja lazima apotee.

Mahari ilipokelewa na shemeji yangu Tshiamala, mdogo wa marehemu, kila kitu kikaenda vizuri, nikamshukuru Mungu. Jumapili iliyofuata Kazadi akaja Penalti na wenzake kama kawaida, akaketi meza ile ile. Labda alifikiri sipo zamu, labda hakufikiri kabisa, wanaume wakisikia mpira hawafikiri. Nilimwona akiwa mlangoni, nikaweka plato chini, nikaingia depo. Tangu hapo ndivyo tunavyoishi, akiingia yeye natoka mimi, na mhudumu mwenzangu Joyeuse anachukua meza zangu pamoja na zake, anakimbia peke yake ukumbi mzima, na ana mimba, na hajanilaumu hata siku moja, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Wiki iliyopita mambo yaliharibika. Nilidhani Kazadi ameshaondoka, nikatoka depo, goli likaingia, watu wote wakasimama, nikaona hapo ndipo pa kuvukia na plato langu la michopo na bukari, na walipoketi nikajikuta mbele ya Kazadi, ana mfupa mdomoni, ananitazama na mimi namtazama. Sijui nilifikiri nini. Niliinua aproni nikajifunika uso kwa mikono yote miwili, na plato nililokuwa nimelishika unajua lilikwenda wapi. Bukari ilimwangukia mzee mmoja kifuani. Kazadi alikimbilia nje mpaka kwenye magari, mfupa bado uko mkononi. Baa nzima ilicheka, wakasahau hata goli lao. Patroni, mwenye baa, naye alicheka, halafu akaacha kucheka, akaniambia kwa upole, na upole wake naujua:

"Mama, kama naona tena unaacha salle mu kati ya match, kesho usikuye."

Leo amesafiri Likasi, ndiyo maana nimethubutu kuacha ukumbi na kujificha.

Falonne alikuwa ameisikia habari kabla sijafika nyumbani. Alilia. Aliniambia Kazadi hapati usingizi kwa haya, kwamba kazini wameanza kumwita Mufupa, kwamba mama yake mzazi ameuliza maswali. Halafu akasema neno lililokuwa moyoni mwake siku nyingi:

"Mama, acha ile kazi mbele ya mariage. Bukwe gani ya kuletea mukwe wako bière? Batu ba kwabo batasema mi niko mutoto wa mu bar."

Shemeji Tshiamala anakubaliana naye kwamba niache kabla ya harusi, anasema mama wa bibi harusi hawezi kuonekana na kreti la bia kichwani. Najua wote wawili wananipenda, lakini hakuna aliyeuliza kesho yake nitafanya nini. Kazi hii ndiyo iliyomsomesha Falonne mpaka akapata diploma. Na kuna jambo nakuambia wewe tu, miaka yote nimemwomba Mungu anitoe pale, na sasa wananitoa, nakasirika, sijui kwa nini nakasirika hivi. Na namkosa yule mteja. Watu wanasema nimepata mtoto wa kiume, ni kweli, nashukuru, lakini nimempoteza mtu pekee mle ndani aliyekuwa anaona kwamba napita.

Jumamosi kuna mechi ya Mazembe na Lupopo, patroni atakuwa amerudi, Kazadi atakuja, na lazima nichague, niingie depo nifukuzwe, au niache mwenyewe kwa heshima kama binti yangu anavyotaka. Nishauri, mama. Naishia hapa, Joyeuse anagonga mlango, mapumziko yamefika na sahani zimemshinda.

Mama Falonne, Kolwezi

*

Mama Odile anajibu:

Mama Falonne, kwanza toka depo ukamsaidie Joyeuse. Mwanamke ana mimba, anakimbia na michopo ya ukumbi mzima, na wewe umekaa unaniandikia kurasa. Nimezisoma zote. Pale pa mfupa nilicheka, Mungu anisamehe, halafu nikarudia kusoma na sikucheka tena.

Pole sana. Lakini acha nikugombeze kidogo, kwa sababu bukwe umeushika miguu juu kichwa chini. Nani alikufundisha kwamba mama mkwe ndiye anayekimbia? Mimi si wa Kasai, kwetu ni kaskazini huko Katanga, lakini kwa hili tunafanana: mkwe akimwona mama mkwe njiani, yeye ndiye anayeingia majanini, hata kama yuko juu ya baiskeli, hata kama ana mzigo. Mkwe wangu mkubwa alinikuta siku moja kwenye kituo cha treni cha Lubudi, yeye anashuka, mimi nangoja magunia yangu ya mahindi. Aliponiona alirudi ndani ya behewa, treni ikaondoka naye, akashukia Tenke ambako hakuwa na shughuli yoyote. Nilimpenda sana siku ile. Mzigo wa bukwe ni wake kuubeba, kwa sababu ni yeye aliyekuja kwenu kuchukua binti. Wewe hukwenda kwao kuchukua mtu.

Sasa tazama mlivyofanya. Wewe, binti yako na shemeji yako mmejadili nani aondoke Penalti, na katika barua nzima sikuona mahali hata pamoja ambapo mtu alisema labda ni Kazadi. Yeye anakwenda pale kuburudika. Wewe unakwenda pale kutafuta chakula. Skrini ziko kila kona ya Kolwezi, ziko Fungurume, na mpira unaoonyeshwa ni ule ule. Sisemi ni kijana mbaya. Kwa unavyomweleza ni kijana mzuri, na mtu anayepanga sahani zake mwenyewe hawezi kushindwa kuhama baa akiombwa. Shida ni kwamba hajaombwa. Huenda anakuja kila Jumapili akiogopa kwamba akiacha kuja utasema anaidharau kazi yako. Mmekaa pande mbili za ukuta mmoja, kila mtu anamheshimu mwenzake, na kazi inakaribia kupotea.

Wewe usimwambie. Joyeuse usimtume. Falonne naye usimtume, wachumba wakianza kubebeana maneno ya bukwe wataingia kanisani wamenuniana. Hayo ni maneno ya Tshiamala kuyapeleka. Siku alipopokea mbuzi wa mahari alipokea na kazi yake. Mwite nyumbani, mpikie, akishashiba umwambie: "Tata Tshiamala, wende kwa mukwe wetu. Umuambie mama wa bibi yake iko mu kazi kule Penalti, ye aangalie ball fasi ingine." Asiongeze neno, asipunguze. Na afanye hivyo kabla ya Jumamosi, siyo baada ya harusi.

Patroni wako mwambie ukweli akirudi tu kutoka Likasi. Alicheka kwa sababu hakujua. Mwambie yule kijana ni mkwe wako, halafu umwangalie usoni. Kama naye ameoa kwa watu, ataelewa hata kabla hujamaliza.

Falonne mkalishe peke yake, bila shemeji. Usimpigie kelele, anaogopa tu, wasichana wote huogopa familia wanayoiendea. Lakini mwambie hivi: Kazadi alikujua vizuri kuliko mtu yeyote wa kwao, alikujua na plato mkononi na jasho usoni, na siku alipokuona unatoka chumbani alijua huyu ndiye mama. Na mahari bado ikaletwa. Kama kuna aibu, yeye hakuiona, sasa kwa nini binti yako aende kuitafuta?

Tuje kwenye lile ambalo hukuniuliza. Umechoka, mama. Umesema unauliza habari ya mkwe, lakini kabla hujamtaja nilikuwa nimeshasikia habari za miguu, masikio na beseni la chumvi. Kuchoka si dhambi. Ukitaka kuacha, acha, lakini iwe siku uliyoichagua wewe, ukiwa umeshajua utafanya nini, hata kama ni kuchoma michopo mbele ya nyumba yako ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Zungumza na patroni akupunguzie siku za mechi kubwa, wewe ni wa zamani pale, una haki ya kuomba. Ila usiache kwa ajili ya harusi. Ukiacha kwa ajili ya harusi utaanza kumchukia mtoto wako polepole, na yeye hatajua alikukosea wapi.

Na yule mteja wako, huyo siwezi kukurudishia. Bukwe ndivyo ulivyo, unakupa mtoto na unakunyima maneno yake. Kakae mahali ulie kidogo, inastahili, mimi pia nililia kwa mmoja wa wakwe zangu, na sikumwambia mtu.

Jumamosi vaa aproni yako, ingia kwa mlango wa mbele, chukua upande wako kama siku zote. Na ikitokea Kazadi amesahau, au Tshiamala amechelewa, ukamwona amesimama mlangoni, usiweke plato chini na usijifunike uso. Simama hapo hapo ulipo, tazama pembeni, umngoje. Atatoka yeye. Ni mkwe wako.