Springi Mfukoni, Chuo Kinanisubiri

Mpendwa Shangazi Mshauri, nisaidie haraka maana nimekwama pabaya. Mimi ni baba wa watoto watatu, miaka thelathini na tisa, niko kiwanda cha sabuni mwaka wa kumi na nne sasa, kwenye mashine ya kufunga, ile inayovika kila kipande karatasi yake, na mashine yenyewe kuukuu, ina kisirani, haimsikii mtu ila mimi, kwa hiyo nashinda nayo zamu ya asubuhi na ya mchana, meneja ananiita Daktari mbele ya wageni, na mwaka juzi nilipewa fulana iliyoandikwa mgongoni "Nguzo ya Kiwanda", ingawa inanibana. Sasa nimepata nafasi chuo cha ufundi, masomo ni mchana, mke wangu ndiye aliyejaza fomu, na binti yetu wa kwanza ndiye anayenifundisha hesabu mezani tukishaondoa vyombo, tena ananifokea utadhani kanizaa. Nikamwomba meneja nibaki na zamu ya asubuhi tu. Akasema, "Daktari, mchana nani atamtibu huyu mgonjwa? Sisi hapa ni familia." Mwaka jana alinijibu hivyohivyo, nafasi ikapotea, na safari hii chuo kimesema nisiporipoti siku ya kufungua, jina langu linafutwa, basi tena.

Mke wangu amesema nikiikosa na hii hatanisema. Shangazi, hilo ndilo linalonitisha, kwa sababu kunisema hajawahi kuacha.

Kuna jambo jingine, tafadhali usilichapishe. Mwaka wangu wa pili walipunguza watu, nikaingiwa na woga, nikawa kila nikitoka kazini nachomoa springi moja ndogo chini ya mashine, naitia mfukoni, naenda nayo nyumbani, asubuhi nairudisha nikiwa nimewapa wenzangu mgongo, mashine inawaka, wananipigia makofi. Fundi wa kiwanda ameifungua mara sita, hajaona kinachokosekana. Hata msibani kwa baba mkwe nilifuatwa nikaitibu. Wiki iliyopita mke wangu akifua akaishika, akauliza, "Hii ni ya nini?" Nikamwambia ya godoro. Sasa naomba maneno matamu ya kumlainisha meneja.

SHANGAZI ANAJIBU:

Pole, Daktari. Pole yangu inaishia hapo.

Habari ya springi nimeichapisha. Usihangaike, hakuna atakayekujua, kila penye kazi pana mtu wa springi. Yuko karani anayeondoka na ufunguo wa kabati, yuko mama wa masjala ambaye faili halionekani mpaka arudi likizo. Leo wote wanasoma hapa, kila mmoja anajiuliza nimemjuaje.

Maneno matamu ya nini? Meneja hajakunyima kitu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Miaka kumi na miwili umefanya kazi ya kuhakikisha hawawezi kukuacha, na sasa unalia kwamba hawakuachi! Na hiyo familia unayoambiwa, familia yako ni huyo mtoto anayekufundisha hesabu. Hao wengine hata kipimo chako cha fulana hawakijui.

Woga wako nauelewa. Kuona wenzako wanatoka getini na barua mkononi si mchezo, na wewe una midomo ya kulisha. Lakini woga ule ulikuwa wa mwaka ule, wewe umeulea mpaka umeota ndevu. Na tuambizane ukweli, hata ukiruhusiwa leo utatafuta kisingizio kingine. Kiwandani wewe ni Daktari. Chuoni utakaa na watoto wa rika la binti yako na huenda ukashika mkia. Hapo ndipo panapokuuma, wala usisingizie mashine.

Basi sikiliza. Kesho irudishe springi na uiache hukohuko. Mchukue mwenzako mmoja, yule anayeuliza maswali mengi mpaka anakukera, umfundishe mashine yote, hadi aiwashe peke yake wewe ukiwa mlangoni umefumbata mikono. Makofi apigiwe yeye, na wewe upige. Halafu mpelekee meneja ombi lako kwa maandishi. Akikubali, akikataa, siku ya kufungua uwe darasani.

Na mke wako umwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Habari ya godoro hajaiamini. Ninajua, kwa sababu barua yake ilinifikia siku tatu kabla ya yako. Springi hiyo ameitoa mfukoni kila siku ya kufua, miaka yote, akairudisha bila neno, na wiki iliyopita aliuliza ili tu akusikie ukisema. Sasa ana swali moja kwangu: aitupe chooni, au akupe nafasi nyingine ya kusema kweli? Nimemwambia asubiri hadi Jumamosi.