Pasi ya Neema na Upepo wa Kizota

Jumatano jioni

Bado naiona ile pasi. Mpira ulielea juu ya vumbi kama hauna haraka ya kushuka.

Msimu mzima nimekuwa nikimpima Neema, kiungo wangu wa miaka kumi na sita, kwa viungo wakubwa tunaowaona kwenye televisheni. Wao wakiugusa mpira mara moja, umeshaondoka. Yeye anaukanyaga, anasubiri. Nimemgombeza sana kwa hilo, hata mbele ya mama yake.

Leo mazoezini alisubiri tena. Nikapaza sauti, "Achia mpira!" Hakuachia. Upepo ulipotulia kidogo, akapiga pasi ndefu, ikamfikia winga mguuni.

Nikamwita pembeni. "Ulikuwa unangoja nini?"

"Upepo, kocha. Nikipiga ukiwa unavuma, mpira unarudi."

Wale wakubwa hawajawahi kucheza hapa Kizota mwezi wa saba, msimu wa upepo. Na mimi niliyezaliwa hapahapa...

Jumamosi wanakuja watu wa kuchagua timu ya mkoa. Naogopa nimeshamharibu. Maana alipomaliza kunijibu aliinamisha kichwa, akasema, "Samahani, kocha. Kesho nitaachia mapema."